Baiskeli za milimani: Wingi wa gia usimpumbaze mnunuzi

MFANYABIASHARA yeyote aliyepata kusimama mbele ya safu ya baiskeli za milimani dukani anajua jinsi zinavyovutia macho. Matairi manene yenye meno, springi mbele na nyuma, breki za diski, na maandishi makubwa ubavuni yanayotangaza gia 21 au 24. Pembeni yake, kwa bei mara mbili au tatu, inaweza kuwapo baiskeli ya mtumba kutoka Ulaya yenye rangi iliyochunika, springi mbele tu, na gia 10 peke yake. Mteja wa kawaida huchukua ile ya kwanza na kuondoka akijipongeza. Mwenye kupiga hesabu huinama kuitazama ya pili.

Suala hili lina uzito zaidi hivi sasa kuliko miaka 10 iliyopita. Wakati wa janga la Uviko-19, mwaka 2020 na 2021, watu wa Ulaya na Marekani walikimbilia baiskeli kiasi cha maghala kukauka. Viwanda na wauzaji wakaagiza mali kupita kiasi, na ilipowafikia, wanunuzi walikuwa wamekwisha pungua. Kampuni ya Shimano ya Japani, ambayo gia na breki zake zimo katika sehemu kubwa ya baiskeli za dunia, ilishuhudia mauzo yake yote yakishuka kutoka yen bilioni 628 mwaka 2022 hadi bilioni 474 mwaka uliofuata. Wiggle Chain Reaction, muuzaji mkubwa wa Uingereza, alishindwa kulipa madeni na kuwekwa chini ya wasimamizi Oktoba 2023. Kona ya Marekani ilirudi mikononi mwa waanzilishi wake mwaka 2024 baada ya mmiliki wake kuitia sokoni, na mwishoni mwa mwaka huo huo Rocky Mountain ya Kanada iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai.

Msiba wa mmoja ni nafuu ya mwingine. Bei za mali mpya zikishushwa huko, bei za mitumba nazo hufuata, na mwenye kuagiza kontena au hata baiskeli tano kupitia ndugu aliyeko ughaibuni hupata nafasi ambayo hakuwa nayo. Lakini nafasi hiyo ina mtego wake. Baiskeli ya milimani ya leo si Phoenix. Phoenix ikiharibika Sumbawanga, fundi wa chini ya mwembe ana kipuri chake. Baiskeli ya kisasa iliyonunuliwa bila kuchunguza inaweza kulala stoo miezi sita ikisubiri kipande kimoja cha chuma chenye ukubwa wa kidole gumba, na mtaji ukalala pamoja nayo.

Mashine hizi zilianza kama mchezo wa vijana wa Marin, kaskazini ya San Francisco huko California, ambao katika miaka ya 1970 waliteremka milima kwa baiskeli nzito za zamani walizozikarabati wenyewe. Joe Breeze alitengeneza fremu maalumu ya kazi hiyo mwaka 1977, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, ya kwanza kutengenezwa kwa wingi. Mmoja wa mafundi wa kundi hilo, Tom Ritchey, alifika Rwanda mwaka 2005, akaona wakulima wakisukuma kahawa kwenye baiskeli za mbao, akarudi na mchoro wa baiskeli ndefu ya kubebea magunia. Kwa hiyo uhusiano wa vyombo hivi na milima ya kwetu si wa kubuni.

FREMU NDIYO MTAJI

Katika kupima thamani, jambo la kwanza ni fremu, kwa kuwa kila kitu kingine kinaweza kufunguliwa na kubadilishwa. Baiskeli nyingi za milimani za bei ya kati zina fremu ya alumini. Ni nyepesi na haishiki kutu, hivyo inafaa sana miji ya pwani kama Tanga na Mombasa. Ila ina tabia moja ambayo mnunuzi wa mitumba lazima aielewe: ikipasuka, kuichomelea kwa fundi wa mtaani si tiba. Alumini ya fremu hupata nguvu zake kwa kupitishwa katika moto maalumu kiwandani, na joto la kuchomelea huziondoa nguvu hizo pale pale penye kiraka. Itashika wiki mbili, kisha itaachia, pengine mteja akiwa kwenye mteremko wa Lushoto. Chuma ni kizito zaidi lakini huungika popote penye fundi na gesi. Kaboni ni nyepesi kuliko zote, na kwa soko la mitumba la hapa ni kamari, maana ufa wake unaweza kujificha chini ya rangi.

Anayekagua fremu atazame mahali pawili kabla ya pengine popote: chini ya bomba kubwa pale linapokutana na shingo ya usukani, na kuzunguka boksi la krenki. Mstari mwembamba wa rangi iliyokatika hapo ni sababu ya kuirudisha baiskeli, hata kama muuzaji anapunguza bei. Aidha, akiwa ameipindua, anakili namba ya fremu iliyogongwa chini ya boksi hilo. Baiskeli ambayo namba yake imekwanguliwa kwa tupa ina historia ambayo hakuna mfanyabiashara anayependa kuirithi.

Shingo yenyewe nayo inasema jambo. Fremu za kisasa zina shingo inayopanuka kwenda chini, kutoka inchi moja na nusu ya robo juu, yaani inchi 1 1/8, hadi inchi 1 1/2. Foku nyingi nzuri za leo zimetengenezwa kwa ajili ya shingo hiyo. Fremu yenye shingo iliyonyooka inafunga mlango wa kuiboresha baiskeli baadaye, na bei yake ipungue kwa kadiri hiyo.

HESABU YA MAGURUDUMU

Hapa ndipo wengi wanapoungua. Kwa miaka mingi baiskeli ya milimani ilikuwa na gurudumu la inchi 26. Baadaye yakaja ya 29, na katikati yake 27.5. Mwaka 2012, katika Olimpiki ya London, Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki alichukua dhahabu kwa gurudumu la 29, na tangu wakati huo 26 imekwisha katika baiskeli mpya za watu wazima zenye hadhi, isipokuwa zile za michezo ya kuruka. Gurudumu kubwa hupita juu ya mawe na mashimo bila kukwama, na mpandaji huchoka kidogo. Lile dogo hugeuka upesi na huwafaa watu wafupi.

Kwa mwenye duka, hata hivyo, swali ni tairi lipi linapatikana. Majina ya inchi yanadanganya. Kipimo cha kweli ni namba ya milimita iliyoandikwa ubavuni mwa tairi baada ya kistari. Gurudumu la 26 la milimani ni 559, la 27.5 ni 584, la 29 ni 622. Tairi la "28" la baiskeli za mjini za Ulaya nalo ni 622, kwa hiyo linaingia katika ringi ya 29 kama upana unaruhusu. Lakini "28" ya Phoenix na ndugu zake ni 635, wala haiwezi kukaa hapo hata kwa nyundo. Vivyo hivyo, baiskeli za mtumba za Kijapani zenye kikapu mbele, zinazoandikwa 26 x 1 3/8, zina 590, na tairi lake halina undugu na 26 ya milimani. Mfanyabiashara aliyeagiza dazeni kumi za matairi kwa kusoma inchi tu anaweza kujikuta na bidhaa ya kuning'iniza ukutani.

Ndani ya gurudumu la nyuma kuna siri ya pili. Baiskeli za bei rahisi hutumia friwili ya kukaza kwa nyuzi, ambapo gololi za upande wa kulia hukaa mbali na ncha ya ekseli. Ekseli hubaki ikining'inia bila mhimili, na ikibebeshwa mtu mzima barabara ya mashimo, hupinda, kisha hukatika. Baiskeli bora zina habu ya kaseti, ambayo gololi au beringi zake zimesogezwa hadi ukingoni. Tofauti hiyo haionekani kwenye tangazo lolote, lakini inaeleza kwa nini baiskeli mbili zenye gia sawa na rangi sawa zinaachana kwa mbali mno baada ya msimu mmoja wa mvua. Baiskeli yenye gia saba nyuma, mara nyingi ni ya friwili. Yenye tisa au zaidi, mara nyingi ni ya kaseti.

Na hizo gia 21 za kwenye maandishi? Ni tatu mbele mara saba nyuma, nyingi zikirudiana. Baiskeli za kisasa zimeacha kabisa sproketi tatu za mbele. Kampuni ya SRAM ya Marekani ilitoa mfumo wa sproketi moja mbele na 11 nyuma mwaka 2012, ikafikisha 12 mwaka 2016, na Shimano ikashusha gia 12 hadi kundi lake la Deore mwaka 2020. Sproketi kubwa ya nyuma ina meno 50 au 51, hivyo mlima unapandika bila msaada wa ziada mbele. Vipande vinavyoharibika vimepungua na mnyororo hauchomoki ovyo.

Ngazi za Shimano zinafaa kukaririwa kama bei za sukari. Tourney iko chini kabisa, zikafuata Altus, Acera na Alivio, kisha Deore, SLX, XT, na juu kabisa XTR. Kwa kazi ya kweli ya milimani, Deore ndiyo mahali ambapo shilingi inapata thamani yake. Juu ya hapo mnunuzi analipia zaidi wepesi kuliko uimara. Tangu mwaka 2023 kampuni hiyo imeleta kundi la CUES kuchukua nafasi ya zile ngazi tatu za Altus, Acera na Alivio. CUES ya gia 9, 10 na 11 hutumia mnyororo wa aina moja, na meno yake ni manene. Kwa soko la mbali na viwanda, ambako stoo ndogo lazima ihudumie wateja wengi, hiyo ni habari njema kuliko mbio za kuongeza gia.

Kinyume chake, gia 12 za Shimano zinataka habu ya namna mpya, ambayo kaseti za zamani haziingii. SRAM wana yao ya aina mbili, na mifumo yao ya juu ya sasa huendeshwa kwa betri, bila waya. Vitu hivi ni vizuri mno, na mteja wa Njombe hana haja navyo.

FOKU NA BREKI

Springi ya mbele huongeza raha pale tu inapokuwa ya kweli. Foku za bei ya chini zina springi ya chuma ndani ya mabomba ya unene wa milimita 28 au 30. Huongeza uzito karibu kilo moja kuliko foku ya hewa, hazirekebishiki kwa uzito wa mpandaji, na zikiingia vumbi hukwama zikawa chuma kitupu. Foku ya hewa yenye mabomba ya milimita 32 au zaidi hujazwa kwa pampu maalumu kulingana na mtu. Jaribio lake ni rahisi: mpandaji akae juu ya baiskeli kwa utulivu, foku izame kama asilimia 20 ya mwendo wake. Akibonyeza kwa nguvu na kuachia, irudi mara moja bila kurukaruka. Mabomba yake yakiwa na mikwaruzo au mafuta yanayovuja, bei ya matengenezo iondolewe hapo hapo katika mazungumzo.

Kuhusu baiskeli za bei ndogo zenye springi mbele na nyuma, hukumu ni moja: ziachwe. Baiskeli halali ya aina hiyo, ikiwa mpya, huanzia kama dola 1,500 za Marekani huko zinakouzwa, na za daraja la juu huvuka dola 10,000. Inayouzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo imepunguziwa kila kitu ili ipate springi ya maonyesho. Nyingine hubandikwa karatasi ndogo yenye onyo kwamba zisitumike nje ya barabara ya lami. Baiskeli ya milimani iliyokatazwa mlima! Kwa fedha hiyo hiyo, ngumu ya nyuma yenye foku nzuri ni mali.

Breki za diski nazo ni za aina mbili. Za waya hurekebishwa na fundi yeyote. Za mafuta zina nguvu na ulaini usiolinganika, lakini ni lazima muuzaji ajue mafuta gani yamo. Shimano na Tektro hutumia mafuta ya madini. SRAM kwa miaka mingi imetumia mafuta ya DOT, yale yale ya breki za magari, yanayopatikana katika kila duka la vipuri, ingawa baadhi ya breki zake mpya zimehamia mafuta ya madini. Fundi akimimina DOT katika breki ya Shimano, mipira ya ndani huvimba na kuharibika, na breki inakufa. Kosa hilo la shilingi elfu chache linaweza kumtupa mtu korongoni, na mwenye duka ndiye atakayetafutwa.

INAVYOENDESHEKA

Ulaini wa kuendesha hauonekani kwa macho, lakini una vipimo vyake. Kikubwa ni pembe ya shingo ya mbele. Katika miaka ya 1990 pembe hiyo ilikuwa kama nyuzi 71, na mpandaji alikaa karibu juu ya gurudumu la mbele. Shimo moja kwenye mteremko lilitosha kumrusha. Baiskeli za kisasa za njia za milimani zimelala hadi nyuzi 64 au 66. Gurudumu limekwenda mbele, usukani umepanuliwa kutoka chini ya milimita 600 hadi 760 au 800, na shingo ya usukani imefupishwa. Matokeo yake ni chombo kinachotulia kikiwa kasi, hata kwa mtu asiye na ujuzi. Kwa mwenye kukodisha kwa watalii jambo hili lina thamani ya fedha, kwa kuwa mgeni asiyeanguka ni mgeni anayerudi. Kasoro yake ni kwamba kwenye mlima mkali na mwendo wa polepole, gurudumu la mbele hutangatanga.

Nguzo ya kiti inayoshuka kwa kubonyeza kitufe ni uvumbuzi mwingine wenye faida ya kweli mteremkoni, ila vumbi huichosha. Matairi yasiyo na mpira wa ndani, yenye maji ya utomvu yanayoziba matundu, ni dawa ya miiba ya mgunga kuliko kiraka chochote. Maji hayo hukauka upesi katika joto, hivyo yaongezwe kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Tuseme mtu wa Mto wa Mbu au wa Naivasha, karibu na Hell's Gate ambako wageni huruhusiwa kuingia hifadhini kwa baiskeli, anataka kukodisha kwa shilingi za Tanzania 15,000 kwa siku, na ana wateja wa siku 120 kwa mwaka. Kwa mfano tu, ananunua baiskeli ya kung'aa kwa 350,000. Inakaa kwa fundi siku 40 kati ya hizo, inakula vipuri vya 250,000, na mwisho wa mwaka inauzika kwa 80,000. Makusanyo ni 1,200,000. Ukitoa vipuri na thamani iliyopotea, inabaki 680,000. Mwenzake ananunua mtumba wa jina kwa 900,000. Inalala siku tano, inakula 180,000, inauzika kwa 650,000. Inabaki 1,295,000. Tarakimu hizi kila mtu azibadilishe ziendane na mahali pake. Lakini ikumbukwe pia kwamba wageni wasipokuja, kama ilivyotokea mwaka 2020, aliyezika 900,000 ana kidonda kikubwa zaidi, isipokuwa kama baiskeli yake bado inauzika. Kwa hiyo bei ya kuuzia siku ya kuondoka ipigiwe hesabu siku ya kununua.

Baiskeli za umeme za milimani zinazoanza kuonekana katika mitumba ya Ulaya ziepukwe na mwenye mtaji mdogo. Betri iliyochoka ndiyo nusu ya thamani yake, na kusafirisha betri za lithiamu kuna masharti yake.

Anayenunua akiwa mbali adai picha za mambo machache kabla ya kutuma fedha: ubavu wa tairi unaoonyesha milimita, kaseti kwa karibu, mabomba ya foku, chini ya boksi la krenki, na mnyororo uliolazwa kando ya rula. Viungo 12 vya mnyororo mpya, vikipimwa toka pini hadi pini, vina inchi 12 kamili; vikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo umekwisha, na vikizidi kwa moja ya nane, kaseti nayo huwa imeliwa. Aulize saizi pia. Mabaki ya maghala ya Ulaya mara nyingi huwa ya saizi za pembeni, ndogo mno au kubwa mno, na fremu ya inchi 21 kwa mteja wa futi tano na nusu itakaa dukani hadi mwenye duka aichoke. Ushuru na masharti ya bidhaa zilizotumika viulizwe kwa wakala wa forodha mapema, mzigo ukiwa bado kwa muuzaji.